Kicheko cha Mizani 17: Haiku ya Ucheshi, Senryu na Tatizo la Mshororo wa Mwisho

1. Utangulizi

Miongoni mwa tungo fupi za kigeni ambazo zimewavutia watunzi chipukizi wa Kiswahili, hapana ambayo wepesi wake umewahadaa wengi kama haiku. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba utungo huu wa Kijapani una mishororo mitatu, na kwamba mizani yake ni 5, 7 na 5, huamini kuwa amekwisha kukabidhiwa siri yote. Aghalabu huanza na mambo ya kuchekesha: matatu, mikutano isiyokwisha, jirani mkopaji, mzee anayekoroma. Mambo haya yako karibu naye, na ufupi wa umbo humfanya aone kwamba hapana lingine linaloweza kuingia humo.

Tungo za aina hii zimepokewa kwa namna mbili katika mijadala yetu. Wapo wanaodai kwamba haiku ni utungo wa utulivu na wa kutafakari maumbile, na kwa hivyo haiku ya kuchekesha ni haiku iliyoharibika. Wapo pia wanaodai kwamba lolote lenye mizani 17 iliyogawanywa sawasawa ni haiku, na kwamba mhakiki hana zaidi la kuuliza. Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa aliwahi kuwa katika kundi hili la pili. Kwa miaka kadhaa alisahihisha mazoezi ya wanafunzi wake kwa kuhesabu vidole. Aliyefikisha 17 alipata alama, aliyezidisha alipunguziwa. Matokeo yake yalikuwa tungo nyingi zilizo sahihi kihesabu ambazo hazikumchekesha yeyote, wala hakuweza kuwaeleza watunzi wake ni kwa nini.

Makala haya yanadhamiria kutoa maelezo hayo yaliyochelewa. Hoja yetu ni kwamba kicheko cha utungo huu hakitokani na idadi ya mizani wala na uchekeshaji wa jambo linalosimuliwa. Kinatokana na pengo ambalo mtunzi anamwachia msomaji alijaze. Tutaonyesha kwamba pengo hilo lina historia yake huko Japani, na kwamba kinachowafanya watunzi wetu walizibe kabla ya wakati ni mazoea waliyoyarithi kutoka kwa shairi la Kiswahili lenyewe. Hatimaye tutadai kwamba dawa ya kasoro hii imo pia katika fasihi yetu, ila si mahali ambapo tumezoea kuitafuta.

2. Chimbuko la kicheko

Ni muhimu kukumbuka kwamba haiku ilizaliwa katika mzaha. Katika zama za kati za Japani kulikuwa na utungo wa ushirika ulioitwa renga, ambapo watunzi kadhaa walipokezana beti: mmoja alitoa kipande cha 5-7-5, mwingine akakijibu kwa kipande cha 7-7, na mlolongo ukaendelea hivyo. Kipande cha ufunguzi kiliitwa hokku. Renga ya kifahari ilifuata kanuni kali za msamiati na adabu. Kando yake ilikua renga ya kimzaha iliyojulikana kama haikai, neno ambalo maana yake ya msingi ni ucheshi. Kutokana na haikai hii ndipo alipochomoza Matsuo Bashō (1644–1694), ambaye aliipa hokku uzito wa kifalsafa. Hata hivyo, Bashō mwenyewe katika miaka yake ya mwisho alisisitiza sifa aliyoiita karumi, yaani wepesi. Jina haiku, kama tulitumiavyo leo, lilienezwa na Masaoka Shiki (1867–1902) katika miaka ya 1890, alipoitenga hokku na mlolongo wake na kuitetea kama utungo unaojitosheleza. Kwa hiyo anayedai kwamba ucheshi ni ugeni katika haiku anakiita kigeni kile kilichomo katika jina la ukoo wake.

Ucheshi wa maisha ya kila siku ulipata pia njia yake ya pekee. Katika karne ya 18, jijini Edo, ambalo leo ni Tokyo, ulienea mchezo ulioitwa maekuzuke. Mwamuzi alitangaza kauli ya mizani 7-7, aghalabu maneno yale yale yaliyorudiwa mara mbili, na washiriki wakatakiwa kuitungia kipande cha 5-7-5 kinachooana nayo. Walilipa ada ndogo, wakasubiri uteuzi, na walioshinda wakapata zawadi. Mwamuzi aliyevuma kuliko wote alikuwa Karai Senryū (1718–1790), aliyeanza kazi hiyo mwaka 1757. Mwaka 1765 ulitolewa mkusanyo wa kwanza wa vipande alivyoviteua, Haifū Yanagidaru. Mfululizo huo uliendelea hata baada ya kifo chake, ukafikia juzuu 167 kufikia mwaka 1840. Utungo wenyewe ukaja kuitwa kwa jina lake, senryu, ingawa yeye alikuwa mteuzi wake tu.

Jambo moja katika tukio hili la 1765 linastahili mkazo kuliko mengine yote. Mhariri wa mkusanyo ule aliviondolea vipande vingi kauli zilizovichochea, akavichagua vile vinavyoeleweka bila kauli hizo. Kwa maneno mengine, alichapisha majibu bila maswali. Tuchukue mfano wa kubuni kwa Kiswahili. Tuseme mwamuzi ametoa kauli hii: "Nani angeamini, nani angeamini." Mshiriki anayejibu hana haja ya kusema kwamba jambo lake ni la kushangaza, kwani mshangao umo tayari katika kauli. Yeye hutoa tukio tu. Kauli inapoondolewa, tukio linabaki peke yake, na msomaji analazimika kulitafutia mshangao wake. Senryu iliyokomaa ni jibu ambalo swali lake limo kichwani mwa msomaji. Hapo ndipo kicheko chake kilipo.

Yafaa pia kutaja kwamba vipande hivi vilichapishwa bila majina ya watunzi. Hakukuwa na malenga wa kusifiwa. Kulikuwa na jiji zima lililojicheka: wafanyabiashara, watumishi, wakwe, waganga, mabwana wenye panga na pochi tupu. Wakati wa mageuzi ya Kansei (1787–1793), serikali ilipobana uchapishaji na maadili, tungo za namna hii nazo zilibanwa. Watawala hawakuudharau mzaha huu kama tunavyoudharau sisi.

3. Haiku na senryu: mpaka uko wapi?

Vitabu vya utangulizi hutofautisha tanzu hizi mbili kwa vigezo viwili. Haiku ina neno la msimu, liitwalo kigo, na neno la kukata, liitwalo kireji, ambalo huugawa utungo katika sehemu mbili zinazotazamana. Senryu haihitaji lolote kati ya haya. Haiku huelekea kwenye maumbile. Senryu huelekea kwa binadamu na udhaifu wake. Mgawanyo huu unafaa darasani, lakini haufai kuchukuliwa kama ukuta.

Anayeubomoa ukuta huo ni Kobayashi Issa (1763–1828). Issa anahesabiwa miongoni mwa vinara wa haiku, na tungo zake zinafikia takriban 20,000. Humo wamejaa nzi, viroboto, vyura na shomoro, anaozungumza nao kama majirani wanaodaiana kodi. Msomaji anacheka, kisha anasita. Kusita huko kuna sababu. Issa alifiwa na mama yake akiwa mtoto mdogo. Watoto wote wanne aliozaa na mke wake wa kwanza walikufa wangali wachanga, mmoja wao binti aliyeuawa na ndui mwaka 1819. Mke huyo naye akafariki mwaka 1823. Mwaka 1827 nyumba yake iliteketea kwa moto, akamalizia siku zake ghalani. Mtu mwenye wasifu huu anapomtetea kiroboto, ucheshi wake hauwezi kuitwa mzaha mtupu. Ni njia ya kusema jambo zito bila kuliinulia sauti.

Kutokana na Issa tunajifunza kwamba swali la kujiuliza mbele ya utungo wa kuchekesha si iwapo unataja mvua au mkutano wa idara. Swali ni kama kicheko chake kina mahali pa kutua baada ya kucheka. Kwa sababu hii, katika sehemu zinazofuata tutatumia istilahi haiku ya ucheshi kwa tungo zote za aina hii, na kutaja senryu pale tu historia inapohitaji.

4. Mizani ya Kijapani na mizani ya Kiswahili

Mara nyingi tunasoma kwamba 5-7-5 haiwezi kuhamishwa hadi lugha nyingine. Kwa Kiingereza dai hili lina msingi, kwa kuwa silabi za Kiingereza ni nzito na hazilingani kwa urefu. Kwa Kiswahili dai hili ni dhaifu zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Kinachohesabiwa katika Kijapani ni mora, yaani kipimo cha urefu wa sauti. Irabu ndefu huhesabiwa mara mbili, na nazali inayofunga silabi huhesabiwa peke yake. Jina Tokyo lina mora nne, kwa kuwa irabu zake zote mbili ni ndefu. Sikio la mshairi wa Kiswahili halishangazwi na jambo hili. Katika arudhi yetu neno mtu lina mizani 2, mkate ina 3, na kondoo ina 3. Nazali inayobeba silabi ina haki sawa na silabi nyingine yoyote, na irabu mbili zinazofuatana hazimezani. Lugha zote mbili zina silabi wazi kwa wingi, na zote mbili zina ushairi uliojengwa juu ya kuhesabu, si juu ya mkazo. Mtoto aliyefundishwa kupima utenzi anaweza kupima haiku siku hiyo hiyo.

Pingamizi la pili husema kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa mizani 17. Ni kweli kwamba ni marefu, lakini urefu huo umebeba shehena. Neno hatutawasubiri lina mizani 7 kamili, nayo ni mshororo mzima wa kati. Ndani yake mna kikanushi, nafsi ya watendaji, wakati, nafsi ya watendwa na kitenzi. Sentensi nzima imekaa katika neno moja. Tatizo la mtunzi wa Kiswahili, basi, si uhaba wa nafasi.

Tatizo limo kwingine. Tukilinganisha haiku na shairi la tarbia la bahari iliyozoeleka, lenye mizani 8 katika kila kipande, tunaona kwamba mshororo mmoja wa shairi una mizani 16. Haiku nzima, kwa hiyo, inauzidi mshororo mmoja wa shairi kwa mizani 1 tu. Mshairi wa Kiswahili akishamaliza mshororo wake wa kwanza, bado ana mitatu ya kufafanua, kutolea mfano na kuhitimisha. Mtunzi wa haiku akifika hapo amekwisha. Analazimika kuacha mahali ambapo mwenzake ndiyo kwanza anasafisha koo.

5. Tatizo la mshororo wa mwisho

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha hoja yetu. Ubeti wa shairi la Kiswahili una mwendo wake: mwanzo, mloto, mleo, kisha kimalizio, ambacho kikirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Mshororo huu wa mwisho ndio unaobeba uzito wa ujumbe. Ndio hadhira inaoukariri na ndio mtunzi anaotumia kutoa fundisho. Kwa karne kadhaa masikio yetu yamezoezwa kutarajia kwamba mshororo wa mwisho utasema maana. Mtunzi chipukizi anapotunga haiku, anahamisha matarajio haya bila kujua. Mshororo wake wa tatu unakuwa kibwagizo. Tazama mfano ufuatao, ambao tumeutunga kwa ajili ya mjadala huu kwa kuiga kasoro inayojitokeza mara nyingi katika mazoezi ya wanafunzi:

Nafasi moja
tumeingia sita
tamaa mbaya

Mizani yake ni sahihi na tukio lake ni la kweli kwa yeyote aliyepata kupanda matatu jioni. Lakini mshororo wa tatu umeua utungo. Msomaji alikuwa ameanza kucheka baada ya mshororo wa pili. Mtunzi akamshika mkono na kumwambia sababu ya kucheka, na sababu yenyewe ikageuka kuwa nasaha. Sasa tuubadilishe mshororo huo peke yake:

Nafasi moja
tumeingia sita
"Bado moja tu!"

Hakuna aliyelaumiwa na tamaa haijatajwa. Ni sauti ya utingo tu, ambayo msomaji ameisikia mara nyingi kiasi kwamba anaitambua bila kutajiwa mwenyewe. Hata hivyo utungo huu wa pili unasema mengi kuliko ule wa kwanza. Unasema kuhusu tamaa ya anayeita, ujinga wa hiari wa tunaoingia, na uchumi wa barabara ambao hesabu yake haina mwisho. Msomaji ndiye aliyesema yote hayo. Mtunzi alimpa jibu, naye akatafuta swali.

Si lazima mshororo wa mwisho uwe kauli ya mtu. Unaweza kuwa neno la kawaida kabisa lililocheleweshwa hadi mahali pake panapouma:

Kikao leo
kuhusu kupunguza
vikao vyetu

Sentensi hii ingeweza kutoka katika ilani yoyote ya ofisi. Haina tamathali, haina chuku, na wala haina neno la kuchekesha. Kicheko kimesababishwa na mpangilio: mshororo wa pili umeacha kitenzi kikining'inia, nasi tunatarajia kusikia gharama, madeni, au idadi ya wanafunzi darasani. Nafasi kati ya mshororo wa pili na wa tatu inafanya kazi ambayo katika Kijapani hufanywa na neno la kukata. Kwa kuwa Kiswahili hakina kireji, ukomo wa mshororo wenyewe ndio kisu chetu, na mtunzi asiyejua mahali pa kukata hana silaha.

Je, mtunzi wa Kiswahili anaweza kujifunza wapi kuacha? Jibu la haraka ni kwamba asome Wajapani. Jibu hilo si baya, lakini lipo la karibu zaidi. Kitendawili kinategemea mambo yale yale: mtegaji hutoa tukio na kulificha jina lake, na asiyeteguliwa huomba mji. Hakuna mtegaji mwenye akili timamu anayetega na kutegua katika pumzi moja. Tazama pia methali inavyotumika katika mazungumzo. Mzee anayemwonya kijana husema "Haba na haba..." kisha akanyamaza, na kijana huimalizia moyoni. Nusu iliyonyamaziwa ndiyo yenye nguvu, kwa sababu aliyeonywa amejionya mwenyewe. Tazama pia kanga. Jina la kanga huvaliwa mbele ya mtu anayehusika na halielezwi; mvaaji akiulizwa anaweza kukana kwamba lina maana yoyote. Huu ni ufundi wa kauli fupi, ya kila siku, ya kuchekesha na yenye kuuma, inayomwachia mpokezi kazi ya kufasiri.

Kwa hiyo watunzi wetu hawakukosea kwa kuwa Waswahili mno. Walikosea kwa kuchota kutoka chombo kimoja tu cha Uswahili, yaani shairi la wasia, wakasahau fumbo. Haiku ya ucheshi kwa Kiswahili inapaswa kupanda miguuni mwa kitendawili na kanga, si miguuni mwa kibwagizo.

6. Nani anachekwa?

Kuna suala la pili ambalo mizani haiwezi kulitatua, nalo ni suala la mlengwa wa kicheko. Senryu za Edo hazikuwa safi katika jambo hili. Nyingi ziliwacheka wageni kutoka mashambani, wajane, na watumishi wa ndani, kwa jicho la mwenyeji wa jiji aliyeridhika na nafsi yake. Hatuna sababu ya kuurithi udhaifu huu pamoja na umbo. Chukua tukio hili:

Ndani ya gari
mzee asalimu
mshamba huyo

Mbali na kosa la kufasiri ambalo tumekwisha kulijadili, mshororo wa tatu umempandisha mtunzi juu ya kiti cha hakimu. Msomaji anaalikwa kumcheka mzee kwa kosa la kuwa na adabu. Lakini tukio lenyewe lina mhusika mwingine ambaye mtunzi hakumtazama, naye ni mtunzi mwenyewe pamoja na abiria wenzake:

Ndani ya gari
mzee asalimu
twasoma simu

Tofauti kati ya tungo hizi mbili ni ya kiambishi kimoja: tu-. Katika utungo wa pili mzee amesimama pale pale aliposimama, lakini kicheko kimegeuka na kurudi kwetu. Tunajicheka, na kicheko hicho kina aibu ndani yake. Tukio ambalo lilikuwa dhihaka limekuwa hoja juu ya jamii ambayo salamu imekuwa ushamba ndani yake. Kwa maoni yetu, nafsi ya kwanza wingi ndiyo hazina kubwa ambayo sarufi ya Kiswahili inampa mtunzi wa haiku ya ucheshi. Inachukua mizani 1 tu, nayo inamtia mtunzi ndani ya utungo wake.

Japani ya sasa inatoa ushahidi unaoelekea upande huu. Tangu mwaka 1987 kampuni ya bima ya maisha ya Dai-ichi imeendesha shindano la kila mwaka la senryu za wafanyakazi wa mshahara. Washiriki hujificha nyuma ya majina ya kubuni, na mada zao ni bosi, mke au mume, msongamano wa treni, mshahara uliokwisha kabla ya kufika. Umaarufu wa shindano hilo hautokani na ustadi wa kila mshiriki. Unatokana na kwamba anayecheka na anayechekwa ni mtu mmoja.

7. Uzito wa jambo jepesi

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza kama utungo wa mizani 17 kuhusu redio au bei ya unga unastahili kurasa za uhakiki. Uhakiki wetu umezoea kupima kazi kwa ukubwa wa dhamira: ukombozi, ukoloni mamboleo, nafasi ya mwanamke. Dhamira hizi ni za haki. Lakini kipimo hiki kinapogeuzwa kuwa cha pekee, kinatufanya tusione kwamba mambo makubwa huishi ndani ya nyumba, pamoja na mambo madogo. Tazama:

Babu kalala
naizima redio
"Nasikiliza!"

Huu ni mzaha wa kifamilia ambao hauhitaji tafsiri katika lugha yoyote. Hata hivyo mzee anayekataa kukiri usingizi anakataa jambo jingine pia, na msomaji mwenye wazazi wa umri huo hatachelewa kulitambua. Kauli ile ya mfano, "Nani angeamini", ingeweza kuuchochea utungo huu, na ingeweza kuondolewa bila hasara. Linganisha na huu:

Picha ya mume
aieleza bei
ya unga leo

Tumeuweka utungo huu mwishoni kwa sababu uko kwenye ukingo. Msomaji anaweza kutabasamu kwa ule ubishi wa kuilalamikia picha. Akitabasamu, atagundua sekunde moja baadaye kwamba neno mjane halimo, kwamba kifo hakijatajwa, na kwamba mume huyu hana tena njia ya kuchangia unga. Utungo haujatoa hukumu juu ya bei wala serikali. Umetoa mtu anayezungumza na ukuta. Kama mtunzi angeongeza mshororo wa nne wa kusikitika, tungekuwa na maombolezo; kama angeongeza wa kulaumu, tungekuwa na risala. Amenyamaza, na kwa kunyamaza ameviacha vyote viwili.

Wala wepesi huu hauna usalama wa kudumu. Mtunzi wa senryu Tsuru Akira, aliyezaliwa mwaka 1909, alitumia mizani 17 kuwatetea wafanyakazi wa viwandani na kupinga vita. Alikamatwa Desemba 1937 na kufariki Septemba 1938 akiwa angali chini ya ulinzi, akiwa na umri wa miaka 29. Utungo wenye nguvu ya kumfungisha mtu hauwezi kuwa mchezo wa watoto peke yao.

Hatimaye, haiku ya ucheshi ina la kuchangia katika mjadala wetu wa muda mrefu juu ya sura ya ushairi wa Kiswahili. Tangu K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipoitikisa misingi hiyo kwa Kichomi mwaka 1974, tumezoea kupanga tungo katika kambi mbili: zenye vina na mizani, na zisizokuwa navyo. Haiku haikai vyema katika kambi yoyote. Ina mizani kali kuliko ya shairi, kwa kuwa haisamehi hata moja, lakini haina kina chochote. Mwanamapokeo anayeikubali analazimika kukiri kwamba vina si uti wa mgongo wa kila utungo. Mwanamabadiliko anayeikubali analazimika kukiri kwamba kuhesabu kunaweza kuwa uhuru. Na kwa wale wanaohofia ukopaji, inatosha kukumbusha kwamba Shaaban Robert, ambaye hakuna anayetilia shaka Uswahili wake, aliuleta Omar Khayyam katika Kiswahili mwaka 1952, na nyumba haikubomoka.

8. Hitimisho

Tumedai kwamba haiku ya ucheshi haikutoka nje ya adabu ya haiku. Ilikuwamo tangu mwanzo. Tumedai pia kwamba Kiswahili, kwa mizani yake na kwa uambishaji wake, ni lugha iliyo tayari kwa utungo huu kuliko lugha nyingi zilizoupokea mapema. Kinachotukwamisha ni mshororo wa mwisho, ambao tumeuzoea kama mahali pa kusema maana, ilhali katika utungo huu ni mahali pa kuiachilia.

Kutokana na haya tunapendekeza maswali matatu ya kumwongoza mhakiki na mwalimu. Je, mshororo wa tatu ukiondolewa, msomaji angeukisia? Kama ndiyo, haukuhitajika. Je, kicheko kinamfikia mtunzi mwenyewe, au kinaishia kwa mnyonge wake? Je, baada ya kucheka, kuna jambo lililobaki? Hesabu ya mizani ije baada ya maswali haya, si kabla yake.

Darasani, njia ya Karai Senryū inaweza kujaribiwa bila gharama yoyote. Mwalimu atoe kauli moja ya kuchochea, wanafunzi waijibu bila kuandika majina yao, kisha darasa liteue majibu yanayosimama hata baada ya kauli kufutwa ubaoni. Mwandishi wa makala haya ameacha kuhesabu kwa vidole na kuanza kufuta ubao. Tungo zinazobaki ni chache, na katika wiki nyingine haubaki hata mmoja. Lakini ule unaobaki, darasa hucheka kabla mwalimu hajauliza maana yake.